Nimehamia chuo cha Dar mwaka wa pili, sina mtu: nifanyeje?

Swali: Shikamoo mama. Nina miaka 22, nasoma sosholojia mwaka wa pili. Mwaka wa kwanza nilisoma Mwanza. Mama yangu anaumwa, amekuja kukaa kwa mama mdogo hapa Tabata ili awe karibu na kliniki yake ya Muhimbili, nami nikahamia chuo cha huku niweze kumuuguza. Hii ni wiki ya 7. Kozi zangu 3 za Mwanza hazikutambuliwa, kwa hiyo hizo nasoma na mwaka wa kwanza, zilizobaki na mwaka wa pili. Wa mwaka wa pili wana makundi yao tangu mwaka jana. Wa mwaka wa kwanza ni wadogo kwangu, naona aibu kukaa nao. Kuna wavulana wananiita "Sato", yule samaki wa ziwani, kwa kuwa nimetoka Mwanza. Kipindi kikiisha nakimbilia daladala. Alhamisi siendi chuo kabisa, ndiyo siku ya kliniki, na chuoni sijamwambia mtu kuhusu mama. Usiku naongea na rafiki zangu wa Mwanza mpaka bando linaisha. Kule nilikuwa mwanakwaya, huku sijajiunga popote. Testi ya kwanza nimepata alama ambazo sijawahi kupata maishani. Nimeanza kufikiria kurudi Mwanza. Mama, kosa ni langu? – Binti wa Tabata

Jibu: Marahaba, binti yangu. Mpe mama pole zangu. Nimekaa ofisi za ushauri wa wanafunzi hapa Dar miaka mingi, na barua yako nimeirudia mara tatu, maana jambo kubwa kuliko yote umelitaja kwa sentensi moja tu: kipindi kikiisha unakimbilia daladala. Nitalifikia. Kwanza nikutoe hofu ya alama.

Kosa si lako. Mwaka 1965 mtafiti wa Marekani, John Hills, alipitia tafiti za miaka mingi juu ya wanafunzi waliohama vyuo, akakuta wengi wao waliteremka alama mara tu baada ya kuhama, kisha wakaanza kupanda kadiri walivyozoea. Ofisini kwangu naona hivyo hivyo. Akili haijabaki Mwanza. Unachokosa ni habari. Mhadhiri huyu anapenda mifano ya hapa nchini, yule anataka nadharia kwanza, maswali ya miaka iliyopita yako kwenye steshenari fulani, testi ya pili siku zote inatoka kwenye semina na si kwenye mihadhara. Haya hayabandikwi kwenye ubao wa matangazo, yanapita mdomoni, na wenzako waliyasikia mwaka jana wakiwa pamoja. Wewe unapiga msuli peke yako kwa desa lile lile, yaani zile noti za kopi, lakini hujui lipi ndani yake lina uzito. Kwa hiyo hilo la alama na hilo la kukosa watu ni jambo moja. Ukipata watu, utaona na alama zinasogea.

Kuna kitu kingine kinachonisumbua katika barua yako: kila kinachotokea unakisoma kama ushahidi kwamba hapa si pako. Testi mbaya, si pako. Kundi limejaa, si pako. Wanasaikolojia wawili wa Marekani, Gregory Walton na Geoffrey Cohen, mwaka 2011 walichapisha jaribio walilofanya kwa wanafunzi wa chuo kikuu. Kwa muda wa saa 1 hivi waliwasomesha maelezo ya waliotangulia, waliosema kwamba nao mwanzoni walijiona wageni na hali hiyo ikapita. Kisha wakawaandikisha na kuwarekodi wakiyaeleza hayo kwa maneno yao wenyewe. Basi, hawakufanya zaidi ya hapo. Wanafunzi weusi, ambao pale walikuwa wachache, waliopata zoezi hilo waliendelea kupanda alama kwa miaka 3 kuliko wenzao ambao hawakulipata. Nami nakwambia kama niliyetangulia: wiki ya 7 ndiyo mbaya kuliko zote. Ugeni wenyewe umeshachosha, mazoea hayajafika. Nimewaona wengi wakikaa kwenye kiti cha ofisi yangu wiki hiyo hiyo wakisema maneno haya haya ya kurudi.

Sasa hilo la Sato. Umeliandika kama tusi, na sikulaumu, maana mtu mpweke kila neno linamchoma. Lakini wewe umekulia Mwanza, na utani unaujua. Mtu asiyetaka kukujua hajisumbui kukupa jina. Kijana anayekuuliza "Sato, umetuletea samaki?" anabisha hodi, na siku zote hizo hujamkaribisha. Utani unangoja jibu, na kejeli haingoji: anayekukejeli anasema na mwenzake huku wakicheka, hata macho hakuangalii. Kama hawa wanakuangalia usoni wanapokuita, wajibu. Waambie sato yupo njiani, walete ugali na ndimu. Usipoijibu mara tatu nne wataacha, na utadhani umepata amani, kumbe mlango umefungwa. Na kama ukijibu ukaona bado jina lina sumu, sema wazi mbele yao kwamba hulipendi na uwatajie jina lako. Hiyo nayo ni kuanza kufahamiana.

Turudi kwenye daladala. Jeffrey Hall wa Chuo Kikuu cha Kansas mwaka 2018 alijaribu kupima urafiki unakula saa ngapi. Alikuta kwamba mtu unayemfahamu tu huwa rafiki wa kawaida baada ya kama saa 50 za kuwa pamoja, rafiki hasa baada ya kama saa 90, na rafiki wa moyoni huvuka saa 200. Tena saa za kukaa mkielekea ubao mmoja hazisaidii sana. Zinazohesabika ni zile za kula, kutembea, kupiga soga, kusubiri kitu pamoja. Hesabu zako basi. Wiki 7 umehudhuria vipindi vyote isipokuwa vya Alhamisi, na kila kipindi kikiisha umeondoka. Saa zako za namna hiyo hazifiki hata 5. Hukukataliwa, binti yangu. Hukuwahi kuwepo.

Na najua huwezi kuchelewa kurudi, mama anakusubiri. Sitakushauri ubaki chuoni mpaka usiku, ushauri huo ni wa mtu asiye na mgonjwa nyumbani. Ninachokuomba ni kuzitumia saa ambazo tayari unazipoteza. Foleni ya kutoka Tabata siku njema inakula dakika 45 kwenda na 45 kurudi. Kwa siku 5 ni saa 7 na nusu, hata ukitoa Alhamisi ni saa 6. Andika leo kwenye kundi la WhatsApp la darasa, la mwaka wa kwanza na la mwaka wa pili: "Jamani, nani anatokea njia ya Tabata? Mimi napanda Bima saa 12 asubuhi." Usiongeze maelezo. Katika darasa la watu zaidi ya 100, njia ya Tabata haiwezi kukosa mtu. Mkipata kusafiri pamoja, mkashikiana kiti, mkagawana karanga kwenye foleni, ndani ya wiki 9 mmeshavuka zile saa 50 bila mama kukusubiri hata dakika moja ya ziada. Hiyo foleni inayotutesa wote Dar, wewe angalau ikulipe.

Lakini niseme la moyoni kabisa, maana hapa ndipo wanafunzi wanaohama wanapopotea. Wengi wanatafuta marafiki. Wanajiandikisha klabu tano wiki moja, wanakwenda kila mahali mara moja, wanapiga picha, na mwezi ukiisha wako vile vile. Mimi nawaambia watafute mahali ambapo wasipofika wataulizwa. Mahali pamoja tu panatosha. Si lazima watu wa pale wawe wa rika lako, wala wachangamfu, wala mpendane. Inatosha wakiona nafasi yako iko tupu na mmoja akasema, "Yule dada wa Mwanza leo yuko wapi?"

Nilijifunza hili kwa mwili wangu. Mimi pia nilihama chuo nikiwa mwaka wa pili. Chuo nilichohamia kilichelewa mno kuingiza jina langu kwenye orodha ya darasa. Mhadhiri akiita majina, mimi sikuitwa, na nilianza kukaa nyuma kabisa karibu na mlango, kama mtu aliyeingia kukwepa jua. Siku moja niliugua malaria, nikalala siku 4. Niliporudi, nikapita dirishani kwenye chumba cha kutoa kopi kununua desa la wiki ile. Yule kaka wa kopi akainama chini ya meza, akatoa karatasi zilizobanwa pini, akasema, "Hizi zako, waliziacha." Pembeni juu, kwa penseli, palikuwa na jina langu, limekosewa herufi moja. Kuna msichana wa kundi nililokaa nalo mara mbili tu alikuwa amelipia kopi yangu. Sikumjua hata jina la pili. Zile karatasi nilizisoma mpaka zikachanika, na lile jina sikulisahihisha.

Kwa hiyo nakuuliza: ni wapi hapo chuoni unaweza kuwa mtu wa kuwekewa karatasi? Jibu langu litakushangaza. Ni kwa wale wadogo unaowaonea aibu.

Fikiria. Wa mwaka wa pili walishaandaliana nafasi. Wanajua nani anaandika haraka, nani anaelewa takwimu, nani ana laptopu, nani ni wa kuletwa kwa vitisho siku mbili kabla ya testi. Kundi la namna hiyo halina ubaya na wewe, limeshajaa tu. Wa mwaka wa kwanza wiki ya 7 bado wanatangatanga. Wanaogopa kudisko, yaani kuondolewa chuo kwa kufeli, kabla hata ya kujua matokeo yanahesabiwaje. Bado wanakaa kwa mkoa, kwa shule walizotoka, kwa chumba cha hosteli. Kati yenu wote darasani, ni wewe peke yako uliyewahi kumaliza mwaka mzima wa chuo, ukafanya mitihani ya mwisho, ukaona sapu, ule mtihani wa kurudia, inavyompata mtu na inavyokwepwa. Kwao wewe ni dada mkubwa.

Tena una mali ambayo hata mwaka wa pili hawana: kozi hizo 3 umeshazisoma kwa mwalimu mwingine, na mitihani yake unayo. Chukua moja, ile uliyoielewa zaidi. Jumatano hii, kipindi kikiisha, waambie wale watatu wanne wanaokaa karibu nawe: "Mimi hii niliisoma Mwanza, nina maswali yao. Jumatatu saa 6 mchana nitakuwa kwenye vimbweta, anayetaka aje tufanye." Hivyo viti na meza vya zege chini ya miti, Mlimani (Chuo Kikuu cha Dar es Salaam) waliviita vimbweta na jina limehamia vyuo vingine, vimeunganisha watu wengi kuliko ofisi yangu. Saa 6 mchana, kati ya vipindi viwili, si jioni. Saa 1 tu. Wiki ya kwanza watakuja wawili. Usivunjike moyo, piga pindi kwa hao wawili kama wangekuwa 20. Muhimu ni wiki ya pili uwepo pale pale, saa ile ile, na ya tatu vile vile. Ukishakuwa mtu wa Jumatatu saa 6, Jumatatu usiyofika simu yako italia.

Na utashangaa: wa mwaka wa pili watakaokuja kukutafuta, watakuja kwa sababu wamesikia kwa hao wadogo kwamba kuna dada ana nondo za Mwanza.

Kuhusu zile kozi kutotambuliwa, usiinamishe kichwa haraka. Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) inaruhusu mwanafunzi kuhama na krediti zake, lakini chuo kinachokupokea ndicho kinacholinganisha maudhui ya kozi moja moja. Mara nyingi kozi hukataliwa kwa sababu aliyelinganisha alikuwa na jina la kozi tu, hakuwa na muhtasari wake. Omba mihtasari yote 3 kutoka Mwanza, upeleke kwa mkuu wa idara na barua fupi ya kuomba zitazamwe upya, na ukikataliwa omba sababu kwa maandishi. Katika mfumo wetu krediti 1 ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi, darasani na kujisomea. Kozi ya krediti 12 ikitambuliwa umerudishiwa saa 120, na kwa mtu anayeuguza hizo si saa za kuachia. Anza na kozi yenye kipindi cha Alhamisi. Fanya hivi wiki hii, kila wiki inayopita inapunguza nafasi. Siku hiyo hiyo pita kwa afisa mikopo uhakikishe kama mkopo wako nao umehama, ukiwa na barua ya uhamisho mkononi. Usingoje wenzako wasaini bumu, ile hela ya mkopo ya kujikimu, ndipo ugundue jina lako bado liko Mwanza.

Kwaya. Hapa nina maoni yangu na wengine watanipinga. Ya chuo iache kwanza. Jiunge na ya parokia au usharika wa hapo Tabata anaposali mama mdogo. Mazoezi yake yako karibu na nyumbani, na watu wake wakikukosa hawatakutumia ujumbe, watapita kukuona, na wakipita watamkuta mama. Mgonjwa naye ana upweke wake, na ameacha jumuiya yake yote Mwanza kama wewe. Sauti yako inaweza kumletea wageni sebuleni. Mahali pamoja chuoni, pamoja mtaani, basi. Zaidi ya hapo utachoka uviache vyote.

Jambo ambalo sikulipenda ni kwamba hujamwambia mtu yeyote chuoni kuhusu mama. Najua unaogopa kuonewa huruma. Lakini kiongozi wa darasa anayeona unakosekana kila Alhamisi anadhani wewe ni mtoro, au unajiona. Mwambie yeye mmoja, kwa sentensi mbili. Kisha nenda ofisi ya mshauri wa wanafunzi ukiwa na kopi ya kadi ya kliniki, waweke kwenye faili lako. Testi ikiangukia Alhamisi, barua iliyokuwepo kabla inasikilizwa tofauti na ile inayoletwa baada ya kukosa. Na ofisini humo mna watu waliosomea kusikiliza, waombe muda. Usingizi ukianza kukukimbia wiki nzima, au ukajikuta unawaza kwamba heri usingekuwepo, usingoje kuniandikia mimi, nenda siku hiyo hiyo, ukiwa na mama mdogo.

Rafiki zako wa Mwanza usiwaache. Ila usiku mzima kila siku ni mwingi mno, asubuhi unaingia darasani hujalala na huna neno la kumwambia mtu mpya. Pangeni siku mbili kwa wiki. Na uwe macho na ukarimu wa ghafla. Mji huu una watu wema wengi, lakini mgeni mpweke ananukia mbali: atakuja wa biashara ya kuleta watu wawili wawili, atakuja wa kutaka kukulipia kodi ya geto ili uhame kwa mama mdogo. Urafiki wa kweli hauharakishi hivyo, umeona zile saa.

Kurudi Mwanza? Usiamue sasa. Ngoja matokeo ya muhula huu na uone nusu ya kwanza ya muhula wa pili. Kama utakuwa umekaa kwenye kimbweta kile Jumatatu zote, umesafiri na mtu, umejaribu, na bado roho inakataa, niandikie tutazame njia ya kurudi bila aibu yoyote. Lakini jua hata Mwanza uliyoiacha haipo tena. Kundi lako kule limeshampa mtu mwingine kiti chako, na ukirudi utahamia chuo kwa mara ya pili.

Alhamisi hii unaenda Muhimbili na mama, sivyo? Basi Jumatano, kabla ya kupanda daladala, mpe mmoja wa wale wadogo hela ya kopi, umwambie, "Kesho sipo, nampeleka mama kliniki, nichukulie desa langu."